Kilo 16 mgongoni hadi Mikindani: kujiandaa na mafunzo magumu ya askari wa miguu

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaojiandaa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na wale wanaoota ukomando kabisa, mazoezi yao ni ya kifua. Alfajiri pushapu, jioni mpira ufukweni. Si vibaya, endeleeni. Ila kinachomtoa mtu kwenye mafunzo magumu ya askari wa miguu mara nyingi ni nyayo, mabega na maji. Na hayo matatu hayatengenezwi kwa wiki mbili za mwisho.

Kwa kuwa majeshi ya wenzetu hutangaza vipimo vyao, tuvitumie kama rula. Beji ya askari wa miguu mahiri ya Jeshi la Marekani, iliyoanzishwa 1943, inadai maili 12, yaani kilomita 19.3, ndani ya saa 3, ukiwa na silaha na mzigo wa ratili 35, karibu kilo 16. Makomando wa majini wa Uingereza hukamilisha majaribio yao kwa maili 30 kwenye nyika za Dartmoor: kuruta anapewa saa 8, ofisa saa 7. Ndipo anapewa bereti ya kijani.

Chukua kipimo cha Marekani ukipigie hesabu. Kilomita 19.3 kwa saa 3 ni dakika 9 na sekunde 20 kwa kila kilomita. Huo ni mwendo wa mtu anayewahi basi, wala si mbio. Lakini ukipoteza dakika 10 tu kwa kufunga kamba za buti na kupanga begi upya, unatakiwa kushuka hadi dakika 8 na sekunde 48 kwa kilomita zote. Ndiyo maana wanaochelewa hawachelewi kwa uvivu. Wanachelewa kwa vituo vidogo vidogo.

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10. Nenda na urudi, umekaribia kipimo chote. Toka kabla jua halijachomoza, tembea upande wa kulia ili magari yaje usoni mwako, na vaa kizibao kinachoakisi mwanga, kwa sababu bodaboda zisizo na taa hazina huruma. Walio Newala wana mteremko wa kushuka bonde la Ruvuma. Hapo jihadhari na safari ya kushuka kuliko ya kupanda: vidole hugonga mbele ya buti na kucha huota weusi.

Mzigo usiununue. Lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo 1.6, kwa hiyo ndoo ya lita 10 inakupa kilo 16. Upime bado kwenye mizani ya duka, maana mchanga wa pwani ukiwa na unyevu uzito wake hubadilika. Ugawe kwenye viroba viwili vidogo, vifunge kwa nailoni, kisha uweke blanketi kuukuu chini ya begi ili viroba vikae juu, usawa wa mabega, vikigusa mgongo. Mzigo ukikaa chini kiunoni, begi linakuvuta nyuma, unainama, na kufikia kilomita ya nane mgongo umekwisha.

Anza na kilo 6 kwa kilomita 5. Wiki inayofuata ongeza uzito au umbali, usiongeze vyote viwili. Mara mbili kwa wiki inatosha, na jipe wiki 10 hadi 12. Usikimbie na mzigo. Kuruta wa kujifunza mwenyewe hupenda kukimbia na begi kwa sababu inaonekana ya kijeshi, halafu mifupa ya muundi inaanza kupata nyufa. Dalili yake ni maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri unavyotembea. Hayo si uchovu wa misuli. Simama, nenda hospitali.

Nyayo sasa. Malengelenge huja kwa vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Soksi za pamba zinanyonya jasho na kulishika, na mchanga wetu unamalizia kazi. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba ya nailoni, ya nje nene, na ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi au buti. Buti jipya livaliwe nyumbani na sokoni kwanza, kisha kwenye safari fupi, ndipo liende Mikindani. Sehemu ikianza kuwaka moto, bandika plasta hapo hapo. Ukisubiri ufike, utafika na lengelenge. Likishajitokeza, dogo liache. Kubwa linalobana litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatoke, ngozi ibaki palepale, ufunike. Anayebandua ngozi anajitengenezea kidonda.

Kuhusu maji, wengi hapa hukosea kwa kunywa kidogo, na wachache kwa kunywa kupita kiasi. Nusu lita hadi robo tatu kwa saa inawatosha wengi. Usivuke lita 1.4 kwa saa: maji matupu mengi mno hushusha chumvi ya damu, na mtu huanguka huku tumbo limejaa maji. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, hivyo lisiwe tegemeo lako pekee. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, hufanya kazi. Mwenzako akianza kuongea ovyo na mwili ukiwa wa moto, mvue begi na umwagie maji mfululizo kivulini papo hapo, huku mwingine akitafuta gari. Kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye.

Dira inasahaulika sana. Ukikosea nyuzi 5 kwa kilomita moja, unakuwa umepotea karibu mita 87 pembeni. Mashamba ya korosho yanafundisha hili vizuri, kwa sababu mistari ya miti inakuvuta: jicho linafuata uchochoro ulio wazi hata kama uelekeo wako umekatiza mistari kwa mshazari. Chagua mkorosho mmoja mbele kwenye uelekeo, ufikie, pima tena. Omba ruhusa ya mwenye shamba kwanza, hasa msimu wa kuokota. Kuhesabu hatua ili ujue umbali uliokwenda, pima mita 100 kwa kamba na uhesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Wengi wanapata kati ya 60 na 70. Rudia ukiwa na begi, maana hatua hufupika na namba inapanda.

Yote haya yafanyike kwa tracksuti na fulana za kawaida. Kombati, bereti au mavazi yanayofanana na ya jeshi ni marufuku kwa raia nchini, na kuyavaa barabarani Mtwara, mkoa wa mpakani wenye wanajeshi, ni kutafuta kesi kabla hata ya kupata fomu.

Siku saba kabla ya kuripoti, acha mzigo mzito. Tembea mara mbili kwa kilo 6, kata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka bila kuchimba kona siku tatu kabla, na usivae kiatu chochote ambacho hakijawahi kufika Mikindani.