Diski nne za TB 4 kwa studio ya picha: je, RAID inatosha?

Swali: Shikamoo fundi. Nina studio ya picha na video hapa Ujiji, na kazi yangu kubwa ni harusi na mahafali. Kazi nilizohifadhi zimefika TB 2.5, na kila mwaka zinaongezeka kwa kiasi cha GB 600. Mwezi uliopita diski yangu moja ya nje ilianza kugonga, kisha ikafa ikiwa na harusi tatu ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Sasa nimenunua diski nne za ndani za TB 4 kila moja, na ninayo kompyuta ya mezani yenye Ubuntu. Mwenzangu ananishauri niziunganishe zote kwa RAID 5 nipate TB 12, na anasema nikishafanya hivyo sitahitaji tena kunakili kazi pengine. Je, ni kweli? Na hiyo RAID inafanyaje kazi?
Mpiga picha, Ujiji, Kigoma

Jibu: Marahaba. Pole sana kwa harusi hizo tatu. Kabla ya yote, ile diski inayogonga usiiwashe tena hata kwa kujaribu, kwa sababu kila inapozunguka kichwa chake cha kusomea huenda kinazidi kukwaruza sahani zake. Ifunge vizuri, uiweke pakavu. Mtaalamu wa kuokoa data akipatikana siku moja, ataweza kufanya kazi na diski iliyoachwa ilivyo kuliko iliyojaribiwa mara ishirini.

RAID ni njia ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mwenzako yuko sahihi katika hesabu: diski nne za TB 4 katika RAID 5 zinatoa nafasi ya TB 12, na moja kati yake ikifa kazi inaendelea bila kupotea hata picha moja. Aliposema hutahitaji kunakili kazi pengine, hapo amekosea, na kosa hilo limewagharimu watu wengi. RAID inakulinda dhidi ya jambo moja tu, nalo ni kufa kwa diski. Ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, RAID inaifuta kwa uaminifu katika diski zote kwa wakati uleule. Radi ikipita kwenye waya wa umeme, mwizi akibeba kompyuta, au virusi vikifunga mafaili yako, diski zote nne zimo katika kasha moja na zitapatwa na jambo lilelile.

Wazo la RAID lilipewa jina katika andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walitaka kuonyesha kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya gharama. Ugumu walioukabili ndio unaokukabili wewe: diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa unaongezeka, hivyo ni lazima pawepo data ya ziada ya kuziba pengo. Namna ya kuiweka data hiyo ya ziada ndiyo inayotofautisha ngazi za RAID.

RAID 0 haina ziada yoyote. Inakata faili vipande na kuvigawa katika diski zote ili kupata kasi, na diski moja ikifa kazi yote imekwenda, kwa hiyo tuiache. RAID 1 ni kioo, yaani kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza kinaandikwa vilevile katika ya pili. RAID 10 inaunganisha vioo viwili au zaidi, na kwa diski zako nne ingekupa TB 8.

RAID 5 inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu wengi huitumia bila kujua inavyokokotoa. Chukua diski tatu zenye data na ya nne yenye pariti, yaani tarakimu ya ukaguzi. Tuseme diski ya kwanza ina 1011, ya pili 0110 na ya tatu 0011. Kompyuta inatazama kila safu ya wima na kuhesabu tarakimu 1 zilizomo: zikiwa witiri, pariti ni 1, zikiwa shufwa, pariti ni 0. Safu ya kwanza ina moja tu, hivyo tunaandika 1. Ya pili ina moja tu, 1. Ya tatu ina tatu, 1. Ya nne ina mbili, 0. Pariti ni 1110. Sasa ondoa diski ya pili, kana kwamba imekufa. Zinabaki 1011, 0011 na 1110. Rudia hesabu ileile kwa hizo tatu na utapata 0110, yaani ile iliyopotea. Ichukue kalamu uifanye mwenyewe kwa tarakimu nyingine, na utaona haikosei. Katika RAID 5 pariti haikai katika diski moja; inazungushwa katika zote nne, ili diski moja isielemewe. RAID 6 inaongeza hesabu ya pili ya aina nyingine, hivyo inastahimili vifo viwili, na kwa diski nne inakuachia TB 8.

Angalia sasa hesabu hiyo inadai nini siku diski inapokufa. Ili kuijaza diski mpya, kompyuta lazima isome diski tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani TB 12, bila kukwama. Kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde, kujaza TB 4 kunachukua zaidi ya saa saba, na kama unaendelea kuhariri video humo humo, muda unaweza kuongezeka sana. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwamba kosa la kusoma lisilorekebishika halitazidi moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni kama TB 12.5. Hicho ni kiwango cha juu kinachovumiliwa, na diski nyingi huwa bora kuliko hapo, lakini unaona jinsi kinavyokaribiana na kazi utakayoidai. Tena diski zako nne umezinunua siku moja, na huenda zilitoka kiwandani pamoja. Zitazeeka pamoja, na ile ya pili itakuwa imechoka wakati wa kubebeshwa mzigo huo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika ofisi moja ambayo seva yake ya RAID 5 ilikuwa imezimika. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo, nilikuta diski ya kwanza ilikufa miezi mitano kabla. Kidhibiti, yaani kadi iliyosimamia RAID hiyo, kilipiga kengele, sauti ikawasumbua waliokaa karibu, mtu akaizima, na taa ya rangi ya chungwa iliyobaki ikimulika haikusemesha mtu. Diski ya pili ilipokufa hapakuwa na hesabu ya kuirudisha data. Nakala yao ya mwisho ilikuwa ya mwaka uliotangulia. RAID ilifanya yote iliyoahidi. Ilikosa mtu wa kuisikiliza na nakala ya kuirithi.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu ni kwamba diski nne hizo usizifunge zote pamoja. Mbili ziunganishe kwa RAID 1 ndani ya kompyuta ya studio, upate TB 4 za kufanyia kazi. Ya tatu na ya nne zitie katika makasha ya nje yenye adapta zake za umeme, kila moja iwe nakala rudufu kamili, na walau moja ilale nje ya Ujiji, kwa mfano kwa ndugu aliyeko Mwanga ya hapa Kigoma. Najua ulikuwa na hamu ya TB 12. Lakini una TB 2.5 na unaongeza GB 600 kwa mwaka, kwa hiyo TB 4 zitakutosha takriban miaka miwili, na kisha diski za kioo zinaweza kubadilishwa moja baada ya nyingine kwa kubwa zaidi.

Swali la kununua kadi ya kidhibiti cha RAID hukuliuliza, ila utaambiwa uinunue, na kwa kazi yako mimi siipendekezi. Kadi ikiungua, mara nyingi utahitaji nyingine ya aina ileile ili diski zisomeke, na kwa hapa Kigoma hiyo ni kuagiza Dar es Salaam na kusubiri huku wateja wakipiga simu. RAID ya Linux, inayosimamiwa na programu ya mdadm, inaandika maelezo yake ndani ya diski zenyewe. Kompyuta ikifa, unahamisha diski kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux na zinatambulika. Usijenge pia RAID kwa diski za USB, kwani kebo ikilegea kidogo tu mfumo utahesabu kwamba diski imekufa.

Kabla ya kufunga diski, soma maelezo ya mtengenezaji ujue kama zinarekodi kwa njia zinazolaliana kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo, zinazojulikana kwa herufi SMR, hupunguza mwendo sana wakati wa kujengwa upya. Kama mbili kati ya nne ni za aina hiyo, hizo ndizo ziwe za nakala, na zile za CMR, yaani ambazo njia zake hazilaliani, ziingie kwenye kioo.

Ukishazifunga, orodhesha diski pamoja na namba zake za utambulisho:

lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL

Andika namba ya kila diski kwenye kipande cha plasta na uibandike upande unaoonekana bila kuichomoa. Siku ya msiba kompyuta itakwambia diski yenye namba fulani imekufa, na ukichomoa nzima badala ya mfu, umejiongezea msiba. Tuseme diski mpya zimeonekana kama sdb na sdc. Hakikisha mara mbili, kwa sababu amri zinazofuata zinafuta kilichomo:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc
sudo mkfs.ext4 -m 0 /dev/md0
sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u

Hiyo -m 0 ina maana kubwa kwako: bila kuiandika, ext4, yaani mfumo wa kupanga mafaili wa Linux, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, nayo katika TB 4 ni GB 200, sawa na kazi yako ya miezi minne. Kisha ongeza katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka, mstari wenye UUID (namba ya utambulisho) ya md0, yaani kioo chako, ukiweka neno nofail, ili kompyuta iweze kuwaka hata kama kioo kina hitilafu.

Hali ya kioo utaiona kwa amri cat /proc/mdstat. Ukiona [UU], diski zote mbili ni nzima. Ukiona [U_] au [_U], moja imetoka. Ishara ya namna hiyo ndiyo iliyokosa msomaji katika ile ofisi, kwa hiyo weka barua pepe yako kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, uhakikishe kompyuta inaweza kutuma barua, kisha ujaribu kwa amri sudo mdadm --monitor --scan --test --oneshot. Barua ikikufikia kwenye simu, ndipo uamini.

Kabla hujaweka kazi ya mteja yeyote humo, iue diski moja kwa makusudi. Weka picha chache za majaribio, kisha:

sudo mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc --remove /dev/sdc

Fungua picha zako, zitafunguka. Tazama mdstat ujionee [U_]. Irudishe kwa sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc na ufuatilie mpaka [UU] irejee. Nawasihi wote ninaowafungia mitambo wafanye zoezi hili kwa mikono yao, kwa sababu mtu aliyeishuhudia diski ikitoka na kurudi katika utulivu hatatetemeka siku inapotoka yenyewe usiku wa kuamkia harusi.

Umeme ni sehemu ya mtambo huu. Unapokatika katikati ya kuandika, diski moja inaweza kuwa imeshapokea data na nyingine bado, na mfumo utalazimika kuzilinganisha upya. Nunua UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, inayokupa walau dakika kumi za kuzima kwa utaratibu, na mawingu ya radi yakianza kujikusanya juu ya ziwa msimu wa mvua, zima na uchomoe plagi ukutani, kwani UPS ndogo haizuii radi.

Nakala uzifanye kila Jumapili, au siku hiyohiyo unapotoka kwenye harusi, kabla ya kufuta kadi ya kamera. Kama kioo umekiweka kwenye folda /picha na diski ya nje iko kwenye /mnt/nakala, amri ni hii:

rsync -av /picha/ /mnt/nakala/

Usiongeze chaguo la --delete, maana litapeleka kwenye nakala kila ulichokifuta kwa makosa studio. Ikimalizika, ichomoe diski. Nakala iliyoachwa imechomekwa muda wote inapatwa na radi na virusi sawa na nyingine. Unapoipeleka ya wiki hii Mwanga, rudi na ile ya wiki iliyopita, na kabla ya kuinakilia upya, fungua harusi moja ya zamani humo, icheze video hadi mwisho uone kama inasomeka.