Mshale ukipotea gizani: anza na rangi, kisha rifleketa

Ndugu yetu wa Hoima ameuliza hivi: mishale yake ina manyoya mekundu, akipiga jioni akakosa, mshale unazama nyasini na hauonekani mpaka asubuhi, mara nyingine hata asubuhi haupo. Anunue mishale yenye taa, au apake ile rangi inayong'aa gizani?

Mimi napiga shabaha tu nyuma ya nyumba hapa Arua, Uganda. Zamani niliwahi kuwabebea mizigo wageni wenye vibali vya kuwinda, kwenye mashamba ya mifugo karibu na Ziwa Mburo. Mishale niliyoitafuta kwa magoti siwezi kuihesabu.

Kwanza yatoe hayo manyoya mekundu. Mchana yanawaka, lakini mwanga ukipungua jicho la mtu linaacha kuiona nyekundu kabla ya rangi nyingine, linabaki na kijani na buluu. Unyoya mwekundu saa moja jioni ni mweusi, na nyasi nazo ni nyeusi. Sisi tuko jirani na ikweta, machweo hayakawii: jua likishazama una dakika 20 hivi, basi. Weka meupe, au ile njano inayoelekea kijani.

Meupe yana faida nyingine, na hii nilijifunza Mburo. Mgeni mmoja alimpiga swala pala magharibi ikiingia, mshale ukapita mwilini ukaenda zake. Yeye alikuwa na taa ya mkiani, ile inayokaa mahali pa kuingizia ugwe, yaani kamba ya upinde, na kuwaka yenyewe ugwe unapoisukuma. Tukauona toka mbali, mwekundu kama ncha ya sigara. Kijana mwenzangu akataka tumfuate mnyama pale pale. Mzee aliyetuongoza akaushika mshale, akamulika manyoya, akanusa. Manyoya yalikuwa meupe, yamepakwa uchafu wa kijani: tumboni. Ingekuwa damu nyepesi yenye povu, hapo ni mapafu, mnyama hafiki mbali. Wa tumboni ukimkimbiza anakwenda maili nzima na unampoteza. Tukarudi kambini, tukamfuata alfajiri, tukamkuta amelala karibu na pale. Kwa mwindaji mshale ni barua, usipoupata hujui mnyama amepigwa wapi.

Kwa hiyo taa ya mkiani inafanya kazi, sikatai. Ila betri yake ni ile nyembamba kama njiti, ya maboya ya wavuvi wa ndoano, na hapa Arua mimi sijaiona dukani. Pia inaongeza uzito nyuma, gramu moja au pungufu, na mshale mwepesi unausikia uzito huo: unapiga pengine. Ukiweka, weka kwenye mishale yote unayofanyia mazoezi. Na si kila mahali wanaikubali. Pope and Young, klabu ya Marekani inayotunza rekodi za wawindaji wa upinde, iliikataa mpaka 2014.

Rangi ya kung'aa gizani nimeijaribu, nikaiacha. Inataka kushibishwa mwanga kwanza, na mshale wangu unashinda ndani ya podo. Nikiumulika na tochi kabla ya kupiga unang'aa vizuri, lakini mwanga wenyewe ni hafifu, majani matatu yakiufunika hakuna kitu.

Kilichoniokoa ni rifleketa. Jaketi kuukuu la bodaboda, kata utepe wa upana wa kidole, uzungushe kwenye wano, yaani mti wa mshale, mbele kidogo ya manyoya. Zungusha duara kamili, maana hujui mshale utalala ubavu gani. Weka mwingine karibu na kigumba, ile ncha ya chuma, kwa sababu mara nyingine mkia ndio uliofukiwa.

Sasa kosa langu. Utepe ulikuwa unabanduka, nikaona ujanja ni kuupaka vanishi ya kucha ya shemeji, ile isiyo na rangi. Ukashika kweli kweli. Jioni ile nikapoteza mishale miwili. Kumbe kitambaa kile kina vishanga vidogo sana vya kioo, na vinarudisha mwanga kwa kuwa juu yake ni hewa tupu. Ukivifunika kwa vanishi umeviua. Hata maji yanafanya hivyo, ndiyo maana jaketi la boda likilowa halimeremeti kama likiwa kavu. Siku hizi nafunga kingo mbili za utepe kwa uzi na tone la supagluu, katikati sigusi. Kama kwenu kuna umande mwingi, tafuta ile ya kubandika nyuma ya lori, ina plastiki juu na mvua haiisumbui. Tatizo lake ni ngumu, kwenye wano jembamba inataka kujikunjua. Ikate nyembamba zaidi na uifunge vilevile.

Halafu tochi. Hapa ndipo wengi mnakosea. Rifleketa inarudisha mwanga kule ulikotoka, haitawanyi. Mpwa wangu alisimama pembeni ananimulikia, nikapekua nusu saa sioni kitu. Nikamnyang'anya tochi, nikaiweka sikioni, mshale ukawaka hatua nne mbele yangu kama jicho la paka. Tochi ya kichwani ndiyo bora, ya mkononi ishike usawa wa jicho. Utaona pia vinukta vidogo vinavyomeremeta chini kwenye majani. Hayo ni macho ya buibui, usiyakimbilie.

Suala la kibali sitalirefusha: kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na bila karatasi ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, upinde wako ni wa shabaha.

Na kabla hujaondoka uliposimama, mwache mtu pale pale na tochi inayowaka, wewe chagua mti au kichuguu upande mshale ulikoelekea, ukitembea ugeuke kila baada ya hatua kumi uone kama bado uko kwenye mstari. Mpwa wangu hiyo kazi anaichukia, anasema mbu wote wa Arua humkuta yeye.