Damplingi zako hazikukosa yai, zimejaa maji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Msimu huu tumepata wageni ambao hawali nyama, samaki, mayai, maziwa wala samli, na wameomba damplingi za mboga, vile vifuko vya unga vilivyojazwa mboga vikapikwa kwa mvuke. Nimejaribu mara tatu. Nachukua unga wa ngano, kabeji, karoti, uyoga na kitunguu cha majani, nakatakata mbichi, natia chumvi na tangawizi, kisha nafunga. Zikishaingia kwenye mvuke, chini zinalowa, nyingine zinapasuka, na zilizopona ukizifungua mboga zinaelea. Mpishi mwenzangu anasema unga bila yai haushiki, nitie moja tu, wageni hawatajua. Mwengine amenionyesha video ya kutia beking pauda kwenye unga na magadi kwenye mboga. Nifuate lipi? Na manda za sambusa za dukani zinafaa? Msomaji, Shela.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifuate lolote katika hayo. Unga wako hauna kosa, na mikono yako naiamini ingawa sijaiona. Kosa ni maji.

Nitaanza na hilo yai kwa sababu limenichosha. Kila anayeniuliza habari za damplingi, yai halikosi kutajwa, na najua limetoka wapi. Hapa Malindi Wataliano wamekaa miaka mingi, na wapishi wengi wa pwani unga wameujulia kwenye majiko yao. Mtu anafundishwa ravioli, vifuko vyao vya tambi: unga, yai, kanda. Akitoka hapo amebeba imani kwamba yai ndilo gundi ya dunia. Lakini hata huko Italia, ukishuka kusini, tambi kama orecchiette hukandwa kwa unga wa ngano ngumu na maji matupu. Wachina, ambao damplingi zao za mwaka mpya wa mwezi mwandamo huitwa jiaozi, ganda lao la kawaida ni unga na maji, basi. (Malindi hii hii ilimpelekea mfalme wa China twiga, akafika mwaka 1415. Tungekuwa na akili tungeomba tufundishwe jiaozi tukiwa tunamshusha.) Na wewe mwenyewe, chapati unazosukuma kila siku zina yai? Unga wa ngano unashikwa na glutini, ambayo ni protini ya ngano yenyewe, nayo huamka unga ukipata maji na kukandwa. Haimngoji kuku.

Sasa tazama bakuli lako. Kabeji ni maji kwa asilimia 92 hivi, uyoga vivyo hivyo, karoti karibu 88. Ukiweka gramu 500 za kabeji mezani, umeweka kama gramu 460 za maji. Wewe umeitia chumvi ukaifunga papo hapo, kwa hiyo chumvi ikaanza kazi yake mkiwa mmeshafunga mlango: inayavuta maji nje ya mboga. Halafu moto unakuja, unalainisha kuta za mboga na kuyatoa yaliyobaki. Yaende wapi? Yanatuama chini, yanalowesha unga kutoka ndani, na palipolowa ndipo panapopasuka. Yai kwenye unga lingefanya nini hapo? Lingeganda. Maji yangekuwa palepale, na wewe ungekuwa na ganda gumu zaidi lililojaa maji.

Dawa yake huenda imening'inia nyuma ya mlango wa jiko lako. Katakata kabeji hizo gramu 500 ndogondogo, nyunyizia chumvi gramu 10, yaani vijiko vya chai viwili visivyojaa, changanya kwa mkono, iache dakika 20. Kisha itie kwenye kifumbu, kile kile cha kukamulia tui, ukiwa umekiosha vizuri, uisokote kama unavyosokota nazi ya tui la kwanza. Usiihurumie. Kikombe cha kahawa kitajaa maji, na kama mkono wako una nguvu kitajaa cha pili. Nimefundisha watu wenye vyeti vya upishi ambao wanafikiri kukamua ni kubonyeza mara moja kwa kijiko. Kamua mpaka ukifungua kifumbu kabeji itoke donge moja. Kama kifumbu huna, kitambaa safi cha pamba kinatosha. Chumvi nyingi inaondoka na yale maji, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza nyingine, na maji yenyewe usiyamwage, yanafaa kwenye mchuzi wa kunde.

Uyoga haukamuliki vizuri. Ukatekate, uweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta, utoe maji yake yote na yakauke, mpaka usikie unaanza kulia kwenye chuma. Karoti haina matata, ikwaruze tu. Kitunguu cha majani kiingie mwisho. Kila kilichopita motoni kipoe kabisa kabla ya kufungwa, maana mboga ya moto ndani ya unga mvuke wake hauna pa kutokea, unageuka maji yale yale uliyokuwa unayakimbia.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu hulipuuza. Tia mafuta kwanza, ya ufuta ukiyapata, vijiko viwili, uchanganye mpaka kila kipande king'ae. Ndipo utie tangawizi na soya sosi. Mafuta yakitangulia yanaifunika mboga na chumvi ya sosi inakawia kuifikia. Ukigeuza mpango huo, robo saa baadaye bakuli lina mchuzi na unaniandikia tena.

Ukitaka mboga zishikane zisimwagike mtu anapouma, ponda kiazi kimoja kilichochemshwa, au kikombe cha mbaazi zilizoiva zikachujwa zikabaki kavu, bila tui. Mbaazi nazipenda zaidi kwa sababu zinaleta uzito kinywani ambao mboga peke yake haina, na mgeni asiyekula nyama ameshachoka kulishwa majani.

Unga nitaupitia haraka. Gramu 300 za unga mweupe, maji yaliyochemka kweli kweli mililita 170 hivi, mimina huku unakoroga kwa kijiti, na mkono ukistahimili kanda mpaka ulainike. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Maji ya moto yanaipika kidogo wanga ya unga, kwa hiyo donge linakuwa laini na halirudi nyuma unapolisukuma; ndilo linalofaa mvuke. La maji baridi liweke kwa damplingi za kuchemshwa majini. Sukuma viduara vya upana wa sentimita 9, kingo nyembamba kuliko katikati, kwa sababu kingo zitakunjwa na kuwa mara mbili. Kijiko kimoja cha chai cha mboga, kilichojaa, si zaidi. Unapofunga sukuma hewa itoke, maana nayo inavimba motoni. Gundi ya unga huihitaji, unga mbichi unajishika wenyewe. Ukiona umekauka pitisha kidole chenye maji ukingoni.

Maji yawe yanachemka kabla hujaziweka. Tandika majani ya kabeji chini zisigande, zipe nafasi kati yao, na funga mfuniko kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasizidondokee. Dakika 8 hadi 10. Kama unatengeneza za kesho, zigandishe mbichi kwenye sinia zikiwa zimeachana, kisha ndipo uzitie mfukoni, na siku ya kupika ziende kwenye mvuke zikiwa barafu. Ukiziyeyusha kwanza zinalowa. Na mboga zilizokwisha kuchanganywa usiziache juu ya meza kutwa kwa joto la Lamu. Saa moja, mbili kwa wingi, halafu friji.

Sasa hao wa video. Beking pauda inatoa hewa. Ganda lenye hewa linavimba, linakuwa na vitundu, na vitundu vinapitisha maji, kwa hiyo ukiwa na tatizo la kuvuja umeshauriwa utoboe. Kuna mikate ya Kichina ya mvuke inayoumuliwa, yenye mboga ndani, na ni mizuri, lakini hicho ni chakula kingine na unga wake ni mnene. Mwenye video hajui tofauti, au anajua na hana haja nayo, kwa sababu video inakatika kabla ya mtu kuuma. Magadi ndiyo mabaya zaidi. Ni kweli yanaifanya mboga ibaki kijani, mama zetu waliyatia kwenye maharage yaive upesi, na ndiyo maana hasa: magadi yanaivunja mboga. Kabeji yako itakuwa uji wa kijani kibichi kizuri sana, umetoa maji yote, na vitamini C imekwenda nayo.

Utaona wote hao ugonjwa wao ni mmoja. Mtu akikwama jikoni anauliza atie nini. Hakuna anayeuliza atoe nini. Na duka lipo tayari kumuuzia, kwa sababu hakuna anayeuza kukamua. Nimeona unga wa ngano ule ule umetiwa kwenye pakiti ndogo yenye picha ya damplingi, bei mara tatu. Nimeulizwa kama ni mzuri. Ni mzuri, ni unga wa ngano.

Manda za dukani usizitumie hapa. Zimeshapitishwa kwenye chuma cha moto, zimekauka, zimekusudiwa mafuta ya kukaangia. Kwenye mvuke zinararuka kama karatasi iliyonyeshewa. Halafu soma maandishi nyuma ya pakiti. Manda nyingine zimepakwa samli, na karatasi za unga za wonton, damplingi nyingine za Kichina, zinazoletwa kutoka nje mara nyingi zina yai.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa yule mwenzako anayesema hawatajua. Hilo mwanangu limeniudhi kuliko magadi. Mtu anayekwambia hali yai huenda ni imani yake, huenda ni huruma yake kwa wanyama, lakini huenda pia ni mwili wake. Wapo ambao yai kidogo tu linawavimbisha midomo na koo na kuwakata pumzi ndani ya dakika chache. Hapo Shela gari hakuna. Usiku mtatafuta boti ya kumfikisha mjini huku mtu anakorota. Naye hakukuuliza kama anaweza kujua, alikuuliza kama limo.

Sisi wa pwani tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Tukisafiri tunauliza mara tatu kama nyama ni halali na kama mafuta si ya nguruwe, na mtu akituambia "hamtajua" tungemvunjia sahani. Mgeni asiyekula kitu cha mnyama anauliza swali la aina hiyo hiyo, ila sisi tunalicheka.

Na mara nyingi hata si uongo wa makusudi. Niliwahi kuingia jiko la hoteli moja ya huku Malindi, sitaitaja, wameandika kwenye menyu kwamba supu ni ya mboga tupu. Mpishi akaimalizia mbele yangu kwa vipande viwili vya kiungo cha kuku. Nilipomuuliza akasema, "Si nyama hiyo, ni ladha tu." Mtu mzima, miaka mingi kazini. Tangu siku hiyo nikiingia jiko la watu macho yangu yanakwenda kwanza kwenye rafu. Kiungo cha pakiti chenye picha ya kuku. Sosi nyeusi ya chaza, ambayo inafanana na soya sosi na watu wanaitia kwenye damplingi bila kusoma. Siagi ya kopo, yaani majarini, nyingine ina maziwa ndani yake. Asali kwenye sosi ya kuchovya, wakati ukwaju uliosongwa na sukari na pilipili unaitosha kazi hiyo na ni wa kwetu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwapikia wageni, pika tatu tu za majaribio. Ikate moja katikati: ukiona maji, rudi kwenye kifumbu, usirudi kwenye unga. Na mwenzako akija kukusaidia kufunga, mwambie anawe mikono kwanza. Namjua mpishi wa pwani, akiona unga unamganda vidoleni mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kopo la samli. Liweke kabati la juu.