Uliza Fundi: Simba wa nembo anaangalia upande gani?

SWALI: Mhariri habari zenu. Mimi nachora mabango na matatu hapa Kondele, Kisumu. Kuna mama alikuja na karatasi, bwanake ni Mwingereza na ukoo wao uko na nembo lakini picha yenyewe hawana, wako na sentensi moja tu: "Azure, a lion rampant or, on a chief argent three mullets gules." Anataka ichorwe kwa bango la harusi ya kijana wao na kwa basi ya kubeba wageni, pande zote mbili. Jamaa tunafanya naye kazi anasema mullet ni samaki na mimi dipoziti nishachukua. Nisaidieni. — Brashi, Kondele

JIBU: Brashi ndugu yangu, samaki waachie wavuvi wa ufuo wa Dunga. Hapo mullet ni nyota ya ncha tano, wala usiogope hiyo sentensi kwa sababu imepangwa vile tu wewe hupaka rangi, inaanza na ya chini kabisa halafu inapanda. Neno la kwanza ni rangi ya ngao yote, azure, yaani bluu. Kisha simba wa dhahabu, ile "or" si ya kuchagua hii ama ile, ni dhahabu, na rampant ni kwamba amesimama wima kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameinua kama anataka kurarua mtu. Mwisho chief, ukanda unaokaa juu ya ngao, mpe kama theluthi ya urefu, ni wa fedha na ndani yake nyota tatu nyekundu zimejipanga mstari mmoja. Lakini kwa penseli anza na huo ukanda kabla ya simba, la sivyo utamchora mkubwa ukose mahali pa kuweka kichwa.

Usimsumbue mama akuletee kipimo cha bluu, hakuna. Bluu ya anga sawa, bluu nzito sawa, mimi ningechukua nzito ndio simba aonekane kutoka mbali. Dhahabu inaweza kuwa manjano na fedha inaweza kuwa nyeupe, hiyo inakubalika kabisa. Ulimi na kucha za simba paka nyekundu hata kama hazijaandikwa, ndio desturi ya Waingereza, ingekuwa simba mwenyewe ni mwekundu zingekuwa bluu. Manyoya, mkia, hata umbo la ngao ni mkono wako, wachoraji wawili wanaweza kutoa simba wawili tofauti na wote wako sawa. Kile huna ruhusa ni kuongeza. Najua wateja wanapenda utepe na maua na kofia ya chuma juu, kama karatasi haijasema usiweke.

Kuna kanuni moja itakusaidia kujua kama umesoma vibaya: rangi haikai juu ya rangi, na dhahabu haikai juu ya fedha (hizo mbili, pamoja na manjano na nyeupe zinazozisimamia, hazihesabiwi kama rangi, ni madini). Angalia nembo yetu ya taifa, ngao iko nyeusi juu na kijani chini, katikati mshipi mwekundu, na huo mwekundu umezungushiwa kingo nyeupe ndio usiguse nyeusi wala kijani. Shuleni tulifunzwa nyeupe ni amani na ni kweli, lakini pia inafanya kazi ya fundi hapo. Yako imepita: dhahabu juu ya bluu, nyekundu juu ya fedha.

Sasa tuje kwa hiyo basi ya wageni. Kulia na kushoto kwa nembo huhesabiwa kwa yule ameshika ngao, si wewe unayeitazama, na simba kama hawajasema kitu anaangalia kulia kwake, yaani kushoto kwako. Ubavu wa mlango hakuna shida, anaangalia mbele ya gari. Ubavu wa dereva ukimchora hivyo hivyo ataangalia nyuma, na simba anayekimbia harusi si kitu cha kuonyesha wakwe. Hapo mgeuze. Hata zamani kwa nguo za farasi wa mashujaa walikuwa wanawageuza waangalie kichwa cha farasi.

Kitu kingine muulize mama kwa heshima hiyo sentensi ilitoka wapi. Uingereza nembo ni ya mtu fulani na kizazi chake, si ya kila mtu mwenye jina hilo, na kuna maduka ya intaneti yanakuuzia nembo ya jina lako bila kuuliza babu yako ni nani.

SWALI: Nilinunua kijiko cha zamani hapa Nakuru kimechongwa ngao ndogo ndani ina vimistari na nukta. Ni urembo ama? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni rangi hizo, kila alama inasimamia rangi yake mahali ambapo huwezi kupaka. Mtindo ulienezwa na padri Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti, Silvester Petra Sancta, mwaka 1638. Nukta ni dhahabu, pasipo kitu ni fedha, mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni bluu, iliyokatana kama wavu ni nyeusi, na ya mshazari kutoka juu kushoto kwako kushuka kulia ni kijani. Chukua lenzi, kisugue kwanza.