Binti yangu ameacha ofisi, analima mboga kwa Wabudha

SWALI

Shangazi, assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Tanga, moyo umenijaa. Binti yangu wa pekee ana miaka 28. Baba yake alipofariki nilimsomesha kwa kuuza khanga na vitenge, akaenda Ufaransa kusomea uhasibu, akapata kazi Toulouse. Mwezi wa tatu naletewa ujumbe wa WhatsApp: ameshaacha kazi, amehamia kijiji cha Wabudha kiitwacho Plum Village, analima mboga, nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi vipi? Picha aliyonitumia ameshika jembe, na nyuma yake kasimama mtu kanyoa kichwa, kavaa kanzu ya rangi ya udongo. Simu anashika mara moja kwa wiki. Wifi yangu anasema hao wanaabudu masanamu na wanateka akili za vijana. Jirani anasema hata nywele watamnyoa. Wewe uko huko huko Ufaransa. Je, nimeshampoteza mwanangu? Nifunge safari nimfuate?

Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mahali hapo napajua. Nilikaa wiki mbili mwezi wa saba 2016, katika Lower Hamlet, kitongoji cha watawa wa kike kule Loubès-Bernac, na nikarudi tena wakati wa baridi mwaka uliofuata. Nitakueleza niliyoyaona, na yaliyonikera nayo nitayasema.

Mama yangu alifariki Pangani mimi nikiwa Bordeaux, ambako napika katika nyumba ya wazee. Tiketi sikuipata kwa wakati, wakamzika bila mimi. Miezi minne usingizi ulinikimbia. Muuguzi mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenipeleka. Ukishuka treni Sainte-Foy-la-Grande, unapita mashamba ya mizabibu na alizeti mpaka unafika kwenye majengo ya mawe yaliyokuwa ya mkulima zamani. Hakuna ukuta wala geti. Anayetaka kuondoka anaondoka, na wakati nilipokuwepo waliondoka wawili, wakasindikizwa vizuri hadi kituoni.

Mwanzilishi wake ni Mvietnam, mtawa Thich Nhat Hanh. Mwaka 1966 alitoka kwao kwenda kuomba vita visimamishwe, na milango ya nyumbani ikafungwa nyuma yake. Hakukanyaga tena Vietnam hadi 2005. Hapa Ufaransa yeye na wenzake walianza na kashamba kadogo walikokaita Viazi Vitamu, kwa kuwa kwao maskini akikosa wali hula viazi vitamu. Sisi wa Tanga hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kisha 1982, pamoja na Sista Chan Khong, wakanunua mashamba haya ya kusini-magharibi. Wakapanda miplamu 1,250, sawa na idadi ya wanafunzi wa mwanzo wa Buddha, na walichouza kikapelekwa kwa watoto wenye njaa Vietnam. Plamu ni zile zile unazozijua za Lushoto, ila huku wanazikausha.

Mwalimu huyo nilimwona mara moja tu, kwa mbali. Kiharusi kilikuwa kimempata mwishoni mwa 2014, kusema hawezi, wanamsukuma kwenye kiti cha magurudumu chini ya miti na watu mamia wanamfuata polepole bila neno. Akanyanyua mkono wake mmoja kumwonyesha mtoto kitu juu ya mti. Alifariki Januari 2022 huko Huế, mji aliozaliwa, akiwa na miaka 95.

Sasa nikwambie kuhusu kengele, maana mwanao anaishi nayo kutwa. Siku yangu ya pili nilipangiwa jikoni. Tulikuwa watu saba mbele ya rundo la karoti, na mimi kwenye karoti sina mchezo, kisu kinakwenda. Kengele ikalia nje. Wote wakaacha. Visu vikalala juu ya ubao, mama wa Kiholanzi aliyekuwa akisuuza mchele akabaki na mikono ndani ya maji, bomba linatiririka hakuna anayelifunga. Pumzi tatu. Kisha kazi ikaendelea. Mimi peke yangu nilikuwa nimeshika kisu hewani, na hapo ndipo nikajisikia mabega yalivyopanda mpaka masikioni. Miezi minne nilikuwa nimeyabeba hivyo bila kujua. Machozi yakanitoka juu ya karoti, na hakuna aliyenikimbilia wala kuniuliza. Yule Mholanzi alinisogezea kitambaa cha jikoni, akarudi kwenye mchele wake.

Dada yangu, usiponielewa hapa hutamwelewa binti yako. Mtu aliyekaa ofisini miaka anafukuzana na tarehe za kufunga mahesabu, akipata mahali panapomruhusu kusimama mara kumi kwa siku, anaweza kuacha mshahara kwa ajili hiyo. Sisemi afanye hivyo maisha yake yote. Nasema si uchawi.

Yaliyonikera sasa. Chumba tulilala wanne, na mmoja alifungua dirisha usiku kucha wakati wa baridi. Nikamjibu vibaya mbele ya watu. Sisi tulivyozoea, maneno hayo yangetufikisha mwisho wa safari bila kusemeshana. Kule wana kikao wanakiita kuanza upya. Mnakaa duara, katikati chombo cha maua. Anayetaka kusema anakiendea, anakaa nacho mbele yake, na wengine hawamkatizi hata kwa kukohoa. Kwanza unamtajia mwenzio jema lake ulilolishuhudia, halafu kosa lako wewe, na kilichokuuma unakieleza mwisho. Nilikaa na chombo kile naona nitaanguka. Jema nililoliona kwake ni kwamba kila alfajiri alinifungulia mlango kimya kimya nikatawadhe. Nilipolitaja hilo, hasira ya dirisha sikuiona tena. Na yeye akasema ana pumu. Hakuwa amemwambia mtu.

Watu wanadhani kukua kule ni kukaa macho yamefumbwa. Kukaa huko kupo, alfajiri na jioni. Ila mimi kilichonibadilisha ni kuishi na watu ambao sikuwachagua, kufagia nao vyoo, kuosha sahani kwenye mabeseni yaliyopangwa foleni, na kutopata mahali pa kukimbilia tukikosana.

Nije kwenye dini, maana najua ndipo panapokuuma. Masanamu yapo, na watu wanainama mbele yake. Nisingekuficha. Mimi sikuinama, nilikaa kwenye mto wangu nikatulia, na hakuna aliyenitupia jicho. Sala zangu tano nilisali chumbani. Mtawa mmoja ndiye aliyenitafutia pembe yenye nafasi ya kutandika mkeka. Mwalimu wao miaka yote aliwahimiza wageni warudi kwenye mizizi ya dini zao wenyewe, na wapo Wakristo na Wayahudi wanaokwenda huko na kubaki walivyo. Pombe hakuna kijijini, nyama hakuna ya mnyama yeyote, hata maziwa na mayai waliacha 2007. Kwa hiyo nguruwe hajamgusa midomo. Wanawake wanalala kwao, watawa wa kiume kwao. Lakini imani ya binti yako iko kifuani mwake, na mimi siwezi kukuapia iliyomo. Hilo utamuuliza wewe, kwa sauti ya mama, isiwe sauti ya wifi.

Nywele: hawamnyoi mgeni. Anayetaka utawa anaomba mwenyewe, anakaa nao miezi akiangaliwa naye akiwaangalia, ndipo wakubaliane. Anayelima halimi kwa ajili ya utawa. Shamba la mboga la kwanza walilianzisha 2013 kwa wanaume, la wanawake likafuata; vijana wengi wanakuja kwa msimu, wanajifunza kutunza udongo, wanakwenda zao.

Kinachonitia hofu mimi ni kitu ambacho hukukitaja. Je, kibali chake cha kuishi Ufaransa kilitegemea ile kazi ya Toulouse? Kama ndivyo, kuacha kazi kunaweza kumfungia mlango tarehe ya kukihuisha ikifika, na ofisi ya serikali haitajali ametulia moyo kiasi gani. Muulize kibali kinakwisha lini na ni cha aina gani. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, niandikie haraka nikuelekeze kwa watu wa hapa wanaosaidia wageni.

Na alikukosea, hilo nalisema wazi. Mama aliyeuza khanga juani hapaswi kupewa habari ya namna hiyo kwa ujumbe wa simu baada ya mambo kwisha. Una haki ya kumwambia umeumia. Ila mtajie kwanza jema moja lake, kisha sema lako. Utaona.

Usifunge safari bado. Hiyo siku moja anayoshika simu wanaiita siku ya uvivu, siku isiyo na ratiba, wala si adhabu. Mpigie baada ya alasiri ya Tanga, kwao itakuwa ndiyo kwanza mchana. Usingoje usiku, kwa sababu usiku kijiji kizima hunyamaza mpaka baada ya chai ya asubuhi. Muulize mwezi huu wamepanda nini. Anza na hapo, halafu kibali.