Midnight Sun si mwendelezo wa Breaking Dawn

Dada, umeuliza kwa ajili ya mwanao kama Midnight Sun inaendeleza Breaking Dawn, kitabu cha nne cha riwaya za Twilight za Stephenie Meyer. Hapana, hadithi haiendelei pale Breaking Dawn ilipoishia. Midnight Sun ni kisa kilekile cha Twilight ya 2005, ila safari hii msimuliaji ni Edward, yule mnyonya damu, badala ya Bella, msichana anayempenda. Mwanao asitegemee kumkuta Renesmee, mtoto wao, humo. Wakati huo hata ndoa bado.

Kinachowachanganya watu ni tarehe. Kilitoka Agosti 2020, miaka 12 baada ya Breaking Dawn, kwa sababu sehemu ya rasimu ilivuja mtandaoni mwaka 2008 na Stephenie Meyer akaiweka kando. Alichofanya ni kuibandika rasimu hiyo kwenye tovuti yake mwenyewe, watu waisome bure. Filamu nazo zimechangia: ziko tano, lakini vitabu vikuu ni vinne tu. Cha mwisho kiligawanywa filamu mbili, 2011 na 2012.

Ninavyo vyote nyumbani, na ningemwambia asome Twilight, New Moon, Eclipse, Breaking Dawn, ndipo aingie Midnight Sun. Asianze nacho hicho, ni kinene mno na Edward anawaza kurasa kwa kurasa, atachoka kabla hajaonja utamu. Kile kitabu kidogo kinachomhusu Bree Tanner (2010) akisome baada ya Eclipse, si kabla, maana kinafichua mapigano ya mwishoni. Life and Death ya 2015, yaani Twilight iliyogeuzwa ambamo msichana ndiye mnyonya damu, anaweza kukiruka bila hasara.