Maswali ya Wasomaji: Pikseli Nyingi, Picha Butu?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mpiga picha za harusi. Kwa miaka mingi nilitumia Canon EOS 5D, ile ya kwanza ya mwaka 2005, na kwenye Photoshop nilizoea kuongeza ukali wa kila picha kwa nusu kipenyo cha pikseli 1 na kiwango cha asilimia 120. Sasa ninatumia Sony A7R IV. Vipimo sijavigusa, lakini picha nikizisafisha zinatoka laini kuliko zamani, na nikizitazama kwenye kompyuta kwa asilimia 100 ninaona chenga (vidoa vidogo vidogo) na kutikisika ambako sikukuzoea. Je, wingi wa pikseli unapunguza ukali? — Mpiga picha, Tanga

JIBU: Haupunguzi. Kilichobadilika ni ukubwa wa ile pikseli 1 uliyoizoea, yaani nukta moja kati ya zile zinazounda picha.

Programu inapoongeza ukali hairudishi kitu ambacho lenzi haikukinasa. Inatengeneza nakala ya picha iliyofifishwa, inailinganisha na picha yenyewe, kisha tofauti inayopatikana inarudishwa juu ya picha, hata kwenye kila ukingo upande wa giza unazidi kukolea na upande wa mwanga unazidi kung'aa. Nusu kipenyo ndicho kinachoamua upana wa utepe huo wa giza na mwanga. Programu inaupima kwa pikseli, ilhali mteja aliyeshika albamu anauona kwa milimita.

Kamera zako zote mbili zina kihisi (kipande kinachonasa mwanga) cha takriban milimita 24 kwa 36, ila ya zamani inatoa picha yenye upana wa pikseli 4368, na mpya pikseli 9504. Chukua picha ya sentimita 30 kwa 45. Kwa kamera ya zamani kila pikseli inachukua kama milimita 0.10 ya karatasi; kwa mpya inachukua kama milimita 0.05. Maua ya hina na piko mikononi mwa bibi harusi, ambayo zamani yalizungushiwa utepe uliotosha kuonekana, sasa yamezungushiwa utepe mwembamba kiasi kwamba jicho haliutambui, na ndiyo maana picha inaonekana laini ingawa ndani yake mna maelezo mengi zaidi.

Ungeweza kupandisha nusu kipenyo hadi pikseli 2.2 na kurudia mwonekano ule ule wa zamani, lakini mimi sikushauri, kwa kuwa vipimo hivyo vitakwaruza yale maelezo madogo ambayo ndiyo sababu ya kununua kamera hiyo. Afadhali ugawe kazi mara mbili. Kwenye faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) ongeza ukali kidogo tu, kwa nusu kipenyo kati ya 0.7 na 1. Kisha, picha ikishakamilika, ipunguze hadi ukubwa itakaotumika, na hapo ndipo uongeze ukali wa mwisho. Sentimita 45 kwa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 5315. Picha ikishafikishwa hapo, haijalishi sana ilianza na megapikseli (milioni za pikseli) 12.8 au 61, na vipimo vyako vya zamani vitakuwa mahali pazuri pa kuanzia. Kwa picha ya mtandaoni yenye upana wa pikseli 2048, nusu kipenyo cha 0.3 hadi 0.5 kwa kawaida kinatosha. Ukali ulioongezwa kabla ya kuipunguza karibu wote umekwisha kumezwa.

Kuhusu chenga na kutikisika, kwanza fikiria unachokitazama. Kioo cha inchi 24 chenye upana wa pikseli 1920 kinaonyesha, kwa asilimia 100, karibu sehemu moja ya tano tu ya upana wa picha yako, yaani umesogeza pua kwenye bango la zaidi ya mita mbili na nusu. Mteja hatazami hivyo. Hata hivyo, mtikisiko ule ule wa mkono sasa unavuka pikseli mara mbili zaidi, kwa hiyo ukitaka pikseli zisafike, ongeza kasi ya shata takriban mara mbili. Vivyo hivyo kwa tundu la lenzi: kwenye f/11, yaani tundu lililobanwa, ambayo wengi huitumia kwa picha za ukoo mzima, nukta ya mwanga hutawanyika kama milimita 0.015, ambazo hazikufika pikseli mbili kwenye kamera ya zamani lakini ni karibu nne kwenye mpya. Nusu kipenyo kidogo mno hapo kinanoa chenga peke yake. Kwenye programu ya Lightroom, shikilia kitufe cha Alt unaposogeza kitelezi cha kuficha ukali: palipo peupe pataongezewa ukali, palipo peusi pataachwa. Sogeza hadi mashavu ya bibi harusi yawe meusi, na nyusi na kope zibaki nyeupe.

SWALI: Simu yangu ina megapikseli 108, lakini nikiongeza ukali picha inakuwa kama imechorwa kwa kalamu. Kwa nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu simu imekwisha kuongeza ukali kabla hujaiona picha. Katika hali ya kawaida simu nyingi za aina hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12, kisha hufuta chenga na kukoleza kingo zenyewe. Wewe unakoleza kingo zilizokwisha kukolezwa. Ikiwa simu yako inaruhusu, piga kwa faili ghafi na uongeze ukali mwenyewe. Ikiwa hairuhusu, iache kama ilivyo, na uongeze ukali kidogo baada tu ya kuipunguza kwa ajili ya kuituma.